Visiki vya Mibuni Chini ya Bwawa

Nimestaafu miezi saba sasa, na bado naamka alfajiri nikidhani kuna boti inanisubiri. Hapa Shirimatunda hakuna boti. Kuna ng'ombe mmoja, migomba, na jirani anayefungulia redio kabla jogoo hajawika. Glory, aliyerithi meza yangu ofisini, ndiye aliyeniomba niandike haya kwa ajili yake na vijana wenzake. Alisema, "Madam, usituandikie ripoti. Tuandikie kama unavyotuhadithiaga wakati wa chai." Basi vyeo, uhamisho na mshahara nimeviacha. Hivyo viko kwenye faili, na sijawahi kuona faili likimfundisha mtu kazi.

Mtu wa Moshi akisikia kwamba nilikuwa afisa uvuvi, huniangalia mimi, halafu huangalia mlima. "Huko juu mlikuwa mnavua nini?" Nimelijibu swali hilo misibani, harusini na kwenye foleni ya benki. Maji ya mlimani hayapotei. Yakishapita kwenye mifereji ya watu na mashamba ya watu, yanaingia mitoni, mito inashuka tambarare, na huko kusini yanatulia kwenye bwawa la Nyumba ya Mungu. Huko ndiko nilikofanya kazi. Mimi na maji tulitoka kijiji kimoja, ila yenyewe yalitangulia kufika.

Nilizaliwa Machame, kwenye kihamba cha baba, shamba letu la ukoo, migomba na mibuni ikiwa imeizunguka nyumba hadi jua lilikuwa linaingia kwa kuomba ruhusa. Samaki hatukuwa tunakula. Bibi yangu aliamini ni ndugu wa nyoka, na hakuna aliyekuwa na ujasiri wa kubishana naye. Nilipomaliza chuo cha uvuvi baba aliniuliza jambo moja tu: "Kozi ya mifugo ilikuwa imejaa?" Sikuwa na jibu zuri. Nilikuwa nimechagua uvuvi kwa sababu fomu yake ilikuwa juu kwenye rundo.

Siku ya kwanza nilifika mwaloni, pale wavuvi wanaposhushia samaki, nikiwa nimevaa viatu vyeupe vya mchuchumio. Mwalo wenyewe tuliuita Mgunga Mmoja. Nilipiga hatua tatu kuelekea kwenye boti, tope likameza kiatu cha kushoto. Mwendesha boti wetu, Mzee Sefu, aliinama akakifukua kwa mkono, akakisuuza kwenye maji, akanikabidhi kwa heshima zote.

"Hiki ni cha kanisani, mwanangu," alisema. "Kesho njoo na miguu."

Mzee Sefu alikuwa mtoto wa mjini, amezaliwa Mawenzi, baba yake fundi cherehani. Alikuwa Mwislamu mnyenyekevu, mwenye ndevu chache na maneno machache zaidi. Hakuwa na cheti cha aina yoyote, na kila nilichokijua kuhusu bwawa lile nilikipata kwake. Siku ile ile alinipeleka hadi maji ya kifuani, akazima injini, akanipa upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi.

"Teremsha mpaka chini. Unasikia nini?"

"Sisikii kitu, mzee."

"Basi hujaanza kazi."

Ilinichukua msimu mzima kuanza. Tope laini linaupokea upondo taratibu, kama uji mzito. Mchanga unaukataa. Majani ya majini yanauvuta kidogo unapoutoa. Halafu kuna kitu cha nne, na siku nilipokisikia mwenyewe nilipiga kelele hadi nikaaibika: upondo unagusa mchanga mgumu, unateleza hatua moja, unadumbukia kwenye kishimo cha mviringo, unapanda tena. Mzee Sefu alitabasamu. "Hapo umebisha hodi kwa perege," alisema.

Perege dume hukichimba kile kishimo kwa mdomo, akitema mchanga kidogo kidogo hadi kinakuwa kama sahani. Jike huja kutaga humo, kisha huyaokota mayai na kuyabeba kinywani mpaka yaanguliwe. Sahani zile zikiharibiwa, hakuna harusi. Na sahani hazikai peke yake. Tulikuwa na chombo cha chuma chenye taya mbili, unakishusha kwa kamba, kinauma tope, unakivuta juu. Tope lile nililichekecha na kulihesabu kiumbe kwa kiumbe: minyoo myekundu, konokono kama punje za mtama, mabuu ya wadudu. Hicho ndicho chakula cha bwawa. Jumamosi moja nilibeba sampuli nyumbani Machame ili nizihesabu kwa utulivu. Mama alizitoa nje pamoja na mimi.

Adui wa vyote hivyo lilikuwa kokoro. Kwa vijana ambao mmelikuta kwenye vitabu tu: ni wavu mrefu wenye mfuko katikati, juu maboya, chini vipande vya risasi vya kuuzamisha. Mtumbwi unauzungusha, halafu watu wanashika kamba pande zote mbili na kuuvuta hadi nchi kavu. Risasi zinakwangua chini njia nzima. Chukua reki, ipitishe juu ya kitalu cha miche, rudia mara nne kwa siku, kisha jiulize mbona miche haioti. Nilipoteremsha kile chombo cha chuma mahali kokoro lilipokuwa likivutwa, kilirudi na udongo mtupu, msafi kama wa kufinyangia vyungu.

Sheria ilikuwa wazi na mimi nilikuwa kijana. Nilikamata makokoro kwa bidii ya mtu anayetaka kuonekana. Lile ninalolikumbuka lilikuwa la Nuhu.

Nuhu alikuwa Mpare wa tambarare, mtu wa makamo, mkubwa wa mikono, na aliongoza kundi la wavutaji kumi na wawili. Wavu wake alikuwa ameushona mwenyewe kwa misimu miwili. Tulimkuta asubuhi, mfuko ukiwa bado majini. Hakukimbia. Alisubiri kesi yake, alikiri, na hakimu alipoamuru wavu uteketezwe alikuja mwaloni kuangalia. Wengine wote walisimama mbali. Yeye alisimama karibu na moto, uso umetulia.

"Bibi Samaki," aliniambia, maana ndivyo walivyoniita, "unasema navunja nyumba za samaki."

"Ndiyo."

"Umewahi kuziona?"

Nilitaka kumweleza habari za upondo, na taya za chuma, na konokono. Lakini hakuniuliza kama nimesikia wala kama nimehesabu. Aliuliza kama nimeona. Maji ya bwawa lile ni ya kahawia, huoni hata kidole chako ukikizamisha. Sikujibu.

"Basi wote wawili hatujaziona," alisema. "Lakini wavu wangu umeuona."

Wiki ile alihama na familia yake. Nilisikia amekwenda Rau kulima mpunga kwenye mashamba ya watu. Nilimwambia Mzee Sefu kwamba angalau ghuba ya Mgunga Mmoja sasa itapumua. Alikuwa anafuta plagi ya injini na hakuinua kichwa. "Sheria umeitekeleza, mwanangu," alisema. "Kazi bado." Baada ya mwezi kundi jingine lilikuwa pale pale, na kokoro refu zaidi.

Miaka ilikwenda hivyo. Tunakamata, wanahama, wanarudi. Nilijifunza kuogelea, nikazaa watoto wawili, nikabadilisha jozi nyingi za buti. Perege walizidi kuwa wadogo hadi akina mama mwaloni walikuwa wanawapanga kwenye beseni kama dagaa.

Ndipo ulipokuja ukame ule mkubwa. Mvua za vuli hazikuonekana, za masika zikapita kama mgeni aliyekosea nyumba. Bwawa lilirudi nyuma, hatua kwa hatua, na asubuhi moja Mzee Sefu alikuja ofisini bila kofia, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Njoo uone," alisema.

Ghuba ya Mgunga Mmoja ilikuwa imekauka. Tulitembea juu ya tope lililopasuka, mahali ambapo kwa miaka yote tulipita kwa boti. Upande wa mashariki, kwenye mawe ambako kokoro halivutiki, sahani zilikuwa zimelala ardhini, moja baada ya nyingine, mviringo kamili, nyingine ndogo kama bakuli, nyingine pana kama ungo. Zilikwenda mbali hadi macho yakachoka. Mzee Sefu, aliyekuwa akizigusa kwa upondo tangu ujana wake, alivua viatu kabla ya kuingia katikati yake.

Upande wa magharibi, palipokuwa pakivutwa, hapakuwa na kitu. Palikuwa tambarare kama sakafu iliyosiribwa, na mifereji miwili mirefu ya kamba ikielekea ufukweni.

Nilikaa chini. Nilikuwa nimechoma nyavu za watu kwa ajili ya kitu hiki, na nilikuwa nakiona kwa mara ya kwanza.

"Nuhu," nilisema.

"Hata mimi nilikuwa namwaza," alisema Mzee Sefu.

Kesho yake nilikwenda Rau. Nilimkuta kwenye jaruba, maji ya magotini, anang'oa magugu. Alikuwa amezeeka kuliko miaka iliyopita. Alinisalimia vizuri, kwa kuwa ni mtu mwenye adabu, lakini hakutoka majini.

"Uliniuliza kama nimeziona," nilimwambia. "Siku ile sikukujibu. Sasa nimeziona. Nimekuja kukuita na wewe ukaone."

"Ili iweje?"

"Sijui. Uliuliza, sasa jibu lipo."

Aliendelea kung'oa. Nilisimama pale tutani hadi jua likawa kali, nikaaga, nikaondoka. Sikumlaumu.

Alikuja baada ya siku tatu. Tulikuwa tumeshawaita wavuvi wa mwalo mzima, na walikuwa wanazungukazunguka kwenye zile sahani, wengine wakitania, wengine wakisema ni kazi ya ndege. Nuhu aliwapita bila kusema neno. Alichuchumaa kwenye sahani moja, akaweka viganja viwili ndani yake, akavizungusha taratibu. Akaenda nyingine, akafanya vile vile. Kisha akaenda upande wa magharibi, akaufuata mfereji wa kamba mpaka kwenye jiwe moja lililochomoza ufukweni.

"Jiwe hili ndilo nilikuwa nakanyagia nikivuta," alisema. Halikuwa swali wala malalamiko. Alirudi akasimama mbele ya wenzake. "Ile ni kazi ya samaki. Hii ni kazi yangu. Anayetaka kuniambia ni ndege, aje hapa."

Hakwenda mtu.

Jioni ile, wavuvi wenyewe ndio waliosema kwamba ghuba ipumzishwe. Lakini Nuhu alikataa tuishie kwenye maneno. "Maji yakirudi, watasahau," alisema. "Mimi nilikuwa mvutaji. Najua mvutaji anaogopa nini. Haogopi afisa. Anaogopa kisiki." Wazo lake lilikuwa tupande visiki kwenye ghuba nzima wakati bado ni kavu, shina chini, mizizi juu, ili kokoro lolote likipita lichanike. Tatizo lilikuwa miti. Tambarare pale pana vichaka, na miti michache iliyobaki ina wenyewe.

Mimi nilijua visiki vilikokuwa. Wakati ule huko kwetu watu walikuwa wanang'oa mibuni mizee wapande migomba na mboga. Kihambani kwa baba kulikuwa na rundo refu kuliko yeye, likisubiri kuwa kuni. Mibuni ile ilipandwa na babu. Baba alisomeshwa kwayo, na mimi pia.

Nilimkuta anakata majani ya ng'ombe.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona siku ya kazi?"

Nilimweleza yote. Alisikiliza huku akifunga mzigo wake.

"Unataka mibuni ya baba yangu ukaizamishe."

"Ndiyo, baba."

"Kwa ajili ya samaki."

"Kwa ajili ya viota vyao."

Alikwenda kwenye rundo, akakivuta kisiki kimoja, akakigeuza, akaangalia mizizi. Alikaa nacho muda mrefu. Nilidhani atanifukuza.

"Kuni huwaka siku moja," alisema mwishowe. "Chukua. Na umwambie jirani Ndelilio atoe vya kwake, maana ana vingi na ni mchoyo."

Tulipata lori la kuazima. Tulikwenda safari nne. Wavuvi walichimba mashimo kwa majembe na mitaimbo, Nuhu akipima nafasi kwa hatua zake, Mzee Sefu akisomba mawe ya kushindilia. Wanawake wa mwaloni walipika makande, wakayaleta katikati ya bwawa, wakitucheka kwamba tunalima kahawa mahali ambapo hata mbuzi hashibi. Tulipomaliza, ghuba ilionekana kama shamba lililopandwa kichwa chini.

Kwa wale wanaopenda ufundi: kisiki kiingie ardhini angalau kina cha goti, mawe yawe mapana na si ya mviringo, na msipande kwa mistari. Mvutaji akiujua mstari atapita katikati. Hilo la mwisho ni la Nuhu.

Mvua zilirudi. Maji yalipanda juu ya mizizi, na siku moja ghuba ikawa maji matupu tena. Kundi moja geni lilijaribu kuvuta pale. Tuliokota vipande vya kokoro lao vimeelea, na wala sikuandika kesi. Nuhu alirudi mwaloni na familia yake, akanunua nyavu za kutega zenye matundu makubwa, akawa anavua nje ya ghuba na kuilinda ghuba bila kuombwa na mtu.

Mzee Sefu alistaafu msimu ule, na haukupita muda mrefu akaanza kuumwa kifua. Alilazwa hospitali ya Mawenzi. Nilikwenda kumwona mchana, nikamkuta mkewe anamlisha uji. Nilimwambia perege wakubwa bado hawajaonekana, lakini upondo umeanza kudumbukia upande wa magharibi, mahali pawili. Alifumba macho kama mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

"Pawili," alisema.

"Pawili, mzee."

"Mbona umechelewa kuniambia. Hebu nielekeze."

Nikamwelekeza, kutoka kwenye jiwe, hatua ngapi, kina gani. Aliomba nirudie. Alifariki siku nne baadaye. Perege wakubwa walianza kuonekana baada ya arobaini yake, na Nuhu aliwachagua wawili wa kwanza, akasafiri nao hadi mjini, akawakabidhi kwa mjane bila maelezo. Hilo nimeambiwa na mjane. Nuhu mwenyewe hajawahi kulitaja.

Baada ya yote hayo nilifanya kazi miaka mingi, na mengine mtayakuta kwenye ripoti. Nitasema moja tu ambalo halimo. Baba alipokuwa mzee sana, mwenye fimbo na koti hata kukiwa na joto, aliniambia anataka kuona visiki vyake vinaendeleaje. Nilimweleza kwamba haonekani hata samaki, sembuse kisiki. Akasema hakuuliza hilo. Nuhu alimbeba mgongoni kutoka ufukweni hadi kwenye mtumbwi, akatupeleka katikati ya ghuba, akaacha kupiga kasia.

Baba aliangalia maji ya kahawia kwa muda.

"Wako hapa chini?"

"Hapa chini, mzee," alisema Nuhu.

"Wanakaa vizuri?"

"Wanakaa vizuri. Wana watoto."

Baba alitikisa kichwa kukubali, akavua kofia, akaishikilia mapajani. Sijui alikuwa anawaza nini, babu au mibuni. Halafu akasema turudi, ng'ombe hawajala.

Naye sasa amelala kihambani kwake, kati ya migomba.

Watu huniuliza kama napumzika vizuri. Nasema ndiyo, maana ndilo jibu fupi. Asubuhi mawingu yakiondoka, Moshi nzima inatoka nje kuangalia juu, theluji imebaki kiasi gani. Mimi nikisimama uani najikuta nimegeukia kusini, ambako kutoka hapa hakuonekani kitu ila vumbi. Mikono yangu inaumisi ule upondo. Namaanisha hivyo hasa. Kuna siku napita sokoni nashika mpini wa ufagio, nauinua kidogo, nausikiliza.

Wiki iliyopita Nuhu alinipigia simu. "Bibi Samaki, maji yameshuka tena. Visiki vimeanza kutokeza. Vingine vimeoza, ukivigusa kwa kasia vinang'oka. Tunataka kupanda vipya kabla ya mvua. Unakuja lini?"

Nilikuwa nimeshika ndoo ya maziwa. Niliiweka chini. Neno "kesho" lilikuwa tayari limefika mdomoni.

"Umempigia Glory?" niliuliza.

"Yule binti? Yule bado hajui."

"Hata mimi sikujua. Mpigie yeye."

"Haya, mama," alisema, na hakuwahi kuniita hivyo kabla. Nilibaki nimeshika simu mpaka maziwa yakapoa.

Glory, najua alikupigia, kwa sababu jioni yake uliniuliza visiki vinapatikana wapi. Kwetu vimekwisha. Ulizia Kibosho na Old Moshi, kwa wanaong'oa mibuni mizee, na usikubali miti laini hata ukipewa bure. Nenda wewe mwenyewe ukawaombe, uwasalimie wazee vizuri, ukae unywe wanachokupa, na uwaambie vinakwenda wapi. Mpe Nuhu kazi ya kupima nafasi, kisha mwombe akufundishe.

Na mkimaliza kupanda, waache watu watangulie. Simama katikati ya ghuba peke yako, chini kabisa, kabla maji hayajarudi. Mimi sikusimama. Lori lilikuwa la kuazima, na dereva alikuwa anapiga honi.